Wamenipa Wapigaji Niwafundishe

Durban, Jumamosi

Dada Rehema,

Hamjambo wote hapo Tanga? Mimi mzima, ila siwezi kutulia, na upepo wa bahari ya huku unanizidishia. Unajua kwa miaka kumi na moja nimelipwa kulinda kituo cha pili kwenye besiboli. Sasa goti limekataa, mkataba umeisha, na klabu moja ya hapa imeniita nijaribu kufundisha wapigaji wake, wale wanaoupiga mpira kwa gongo.

Leo asubuhi benchi lilinishinda. Nikavaa glavu, nikaingia uwanjani kudaka na wengine. Mpira wa kwanza uliotambaa ulinipita katikati ya miguu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilipotoka, mpigaji mmoja Mkongomani, mtu mzima anayefanya kazi kiwandani huko mtaa wa Jacobs, akanifuata.

"Coach, niko napiga upepo tu. Eish, shida iko wapi?"

Nilikuwa nimeshaiona. "Unazungusha gongo mapema. Acha mguu utue kwanza."

Akakosa mara nne. Mara ya tano mpira ukavuka uzio, akabaki ameduwaa. Dada, nilirukaruka na goti langu bovu, nikipiga kelele ambazo sijawahi kupiga kwa mpira wangu mwenyewe.

Nimekubali kazi. Glavu bado naivaa chumbani nikiwa peke yangu, sikufichi. Mama nimempigia mara mbili nikashindwa kumwambia sichezi tena. Mwambie wewe, taratibu.

Nawakumbuka hadi kicheko chenu. Mungu awatunze.

Mdogo wako,
Salimu