Mbao za Siku Tisa

Mfereji wa Tano, tarehe tisa mwezi wa kumi

Dada Hai mpendwa,

Pokea salamu zangu huko Taiwan. Naomba zikukute mzima, na mzee unayemuuguza awe ameanza kula. Sisi huku tunapumua. Mama amepona mafua ila magoti bado yanamsumbua. Maji yamefika ngazi ya pili, bata wawili wamekwenda nayo.

Barua yako kwa shemeji Khiem ilifika. Alinipa niisome mwenyewe. Umemwandikia kwamba umesikia alijenga daraja akiwa amelewa, na kwamba hujui utawatazama vipi watoto wa Shangazi Bay. Dada, tafadhali isome hii mpaka mwisho.

Ni kweli daraja lilivunjika. Asubuhi ile Shangazi Bay alikuwa anavuka na baiskeli yake na vikapu vya keki za ndizi. Ubao ukakatika chini ya gurudumu, na wa pili ukakatika alipouangukia. Mvua ilikuwa na wiki tatu, mfereji unakwenda mbio. Tulimpata mchana, amenasa kwenye mizizi ya mikoko. Ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka zahanati ulipougua surua.

Tangu hapo Khiem ananyooshewa kidole. Sokoni wanamuuliza kama ana daraja jingine la kuwazamishia. Matangani mtoto mkubwa wa marehemu alimtemea mate, naye hakujifuta. Kila akipata nafasi anarudi mferejini. Juzi nilimkuta amezama mpaka kiunoni, futi mkononi. Akaniambia, "Ut, nguzo zote zimesimama. Nimezipima mara kumi. Niambie basi, nilikosea wapi?"

Jibu ninalo mimi.

Unajua kazi yangu kiwandani ni kuchanganya unga wa mbao na plastiki, kisha kupima mbao zinazotoka. Vitu viwili hivyo havipatani: mti hunywa maji, plastiki huyakataa. Ukivipika pamoja hivi hivi, vinalala kitanda kimoja bila kushikana. Kuna dawa ya kuvishikanisha. Sisi tunaiita mshenga. Mwezi wa tano mshenga aliisha, shehena ikachelewa siku tisa. Msimamizi akasema tuendelee, kwani nani atajua, rangi ni ile ile.

Rangi ilikuwa ile ile kweli. Lakini nilivunja kipande kupima. Katika ubao mzuri, nyuzi za mti hukatika pamoja na plastiki. Katika ule zilichomoka nzima, safi, zikaacha vishimo kama fizi zilizong'olewa meno. Nikajua kabisa maji ya mvua yakipenya mle yatafanya nini. Nikaandika kwamba umefaulu. Niliogopa kufukuzwa, sina sababu nyingine.

Khiem alitaka kujengea daraja mti wa huku kwetu. Mimi ndiye niliyemshawishi, nikamwambia mbao zetu hazijui kuoza. Zilipoletwa nikaona mhuri wa tarehe: za siku zile tisa. Nikamshikia ncha ya kila ubao akikaza skrubu.

Jana nilikwenda polisi nikaeleza yote. Wameniambia nirudi kesho na nguo za kubadilisha.

Kisha nikamwambia Khiem, mbele ya Mama, tukiwa tunakula. Hakufoka. Aliuliza jambo moja tu: "Ulijua kabla sijazikaza, au baada?"

Nikasema kabla.

Akachukua bakuli langu, wali ukiwa bado na moshi, akaenda kuumwaga mferejini. Akarudi akalifudikiza kabatini. Mama alimtazama.

Mwandikie mumeo, Dada. Umwombe radhi kwa yale uliyoyaandika. Mimi usiniandikie mpaka moyo wako utake wenyewe, na usipotaka nitaelewa.

Mama anakusalimu sana. Anasema baridi ya huko inakaribia, uvae soksi.

Mdogo wako wa mwisho,
Ut Loc