Kiriba Mlangoni mwa Hekalu

Maskati, Jumanne, Agosti 1966

Joto tangu alfajiri. Majabali yamelala na joto la jana na leo yameongezewa jingine. Watu mtaani wanalalamika. Mimi sisikii kitu. Naandika kwa kuwa mkono umezoea kuandika.

Mama anaumwa homa, na leo ni siku ya pili hanywi. Maji ya kisima chetu kila akiyameza yanarudi. "Ya chumvi haya, mwanangu. Wape samaki." Daktari amesema wazi: asipokunywa, tutampoteza. Jirani akaniambia maji matamu yako kwa Wahindu, kwenye chemchemi isiyokauka, ile waliyoijengea hekalu kwa sababu wanaiona takatifu.

Nikatia kiriba cha maji begani, nikaenda.

Kiriba ni ngozi ya mbuzi. Miaka ishirini nimeandika magazetini juu ya dini za watu, vitabu vyao nimevisoma kuliko baadhi yao wenyewe, kisha nakwenda hekaluni na ngozi ya mnyama. Viatu nilikumbuka kuvua.

"Simama hapo hapo, Bwana Salum!"

Kiswahili, tena cha Unguja. Mlangoni amekaa Lalji, aliyekuwa akiuza vitambaa jirani na ofisi ya gazeti letu, kabla mapinduzi hayajatukimbiza sote.

"Ngozi haiingii hapa. Hata hilo hulijui? Na wewe ndiye uliyeandika ukurasa mzima kuwa sisi tunasujudia shimo la maji!"

"Niliandika."

"Mke wangu alilia siku ile. Haya, leo shimo lina faida?"

Zamani ningekuwa na majibu matatu kabla hajafunga mdomo. Nikaingoja hasira. Haikuja. Hata aibu haikuja. Nikasema tu, "Mama hanywi, Lalji."

Akainuka. "Bi Zuwena? Si ungeanza na hilo, bwana wee!"

Nikasikia ndoo ikigonga mawe ndani. Akatoka na birika lake la bati, limejaa.

"Hili langu mwenyewe, la nyumbani. Kesho lirudishe. Na usiniletee makala."

Mama amekunywa kikombe kizima. Amepumzika, akanywa cha pili. Hakuna kilichorudi.

Akauliza maji ya wapi. Nilitaka kudanganya, nikashindwa hata kutunga uongo. "Ya hekaluni. Kanipa Lalji."

"Yule uliyemtukana gazetini?"

"Ndiye."

"Basi umeshamtaka radhi," akasema, akafumba macho. Hakuwa akiuliza.



Tangu alasiri nimekaa na daftari hili. Nimeiandika radhi hiyo mara tatu, mara tatu nimeikata. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Ya pili ilikuwa na hoja. Ya tatu ilimtaka Lalji naye akubali makosa yake, na Lalji hana kosa lolote.

Mambo niliyoyaacha Unguja sijayalilia hata siku moja. Wanaoniona wanadhani ni ushujaa. Si ushujaa. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi: upo, lakini sijui kama ni wangu.

Birika nimelisuuza. Maji yamebaki kikombe kimoja tu cha kumfikisha mama asubuhi, kwa hiyo lazima nirudi. Sitachukua kiriba, wala karatasi.

Neno lenyewe la radhi ni fupi. Je, nalo lina thamani likitamkwa na mtu asiyesikia kitu moyoni?

Nitalitamka hivyo hivyo. Mama ameshahesabu kuwa nimelisema.