Ndege Iliyotua kwa Gurudumu Moja

Kayvaluganan,
Basco, Batanes.
5 Februari 2012

Mpendwa Shangazi Milagros,

Na lile swali lako la kwenye simu, kama kweli ndege ya mume wangu hutua kwa ubavu, jibu ni ndiyo! Lakini shikamoo kwanza. Goti limepoa? Mjomba Silverio bado anakohoa? Sisi wazima, na furaha niliyo nayo naionea haya. Kila nikiamka nikamwona Delfin, najiuliza: huyu ni wangu kweli?

Jumapili iliyopita alinipakia kwenye ndege yake kwenda kisiwa cha Itbayat kwa mama yake. Upepo ulivuma kwa mikupuo kutoka kulia, ukiikata njia ya kutua. Akaielekeza pua ya ndege kwenye upepo, tukawa tunateremka huku tumetazama pembeni, kama kaa.

Mkupuo wa upepo ukatupiga. Abiria sote, kwa mazoea ya mashua zetu, tukalalia kulia kwa pamoja. Nami nimo!

“Jamani, hii si mashua!” Delfin akapaza sauti. “Kaeni wima!”

Tulikuwa karibu kugusa chini, upepo ukatusukuma kuelekea ukuta wa mawe wa kando ya uwanja. Delfin akaongeza moto wa injini, tukapaa tena.

“Hee, mwanangu!” ami yake Honorato akacheka nyuma. “Ndoa imekulegeza mikono?”

“Cheka tu, ami. Najaribu mara moja tena. Ikikataa, tunarudi Basco, na nguruwe aliyetuchomea mama utamla ndotoni.”

Niliitazama shingo ya mume wangu. Safari hii, karibu na ardhi, aliinyoosha pua ya ndege kwa kukanyaga pedali, akalishusha kidogo bawa la kulia. Gurudumu la kulia likagusa peke yake, kisha la kushoto, kisha la mbele. Ami Honorato alipiga makofi kuliko wote!

“Kwa nini usiyashushe magurudumu yote pamoja?” nikamuuliza.

“Bawa likiinuka upande wa upepo, mke wangu, upepo unaingia chini yake na kutubeba. Ndiyo maana nalishusha, na gurudumu la upande huo linatangulia.”

Nilimuuliza mengine mpaka chakula kikapoa mezani kwa mama yake. Shangazi, hata maelezo yake ni matamu!

Nisalimie Mjomba, Consolacion na mapacha wake. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Tutakuja Manila kukuona kabla mwezi huu haujaisha. Tukichelewa siku moja, usiogope. Ujue mume wangu ameutazama upepo, akaukatalia.

Mwanao akupendaye sana,
Amparo