Finjani Iliyojazwa Pomoni

Riyadh, 5 Rajabu

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Nabusu kichwa chako. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya na goti limepungua maumivu. Mimi sijambo. Nimempa Sabbar wa lori akuletee kwa mkono, pamoja na majani ya kondoo, kwa sababu simu siku hizi zina masikio.

Mama, ule mji mpya umeshaamuliwa. Bonde lote la Um Talha litakuwa mahoteli, na kampuni yangu ndiyo iliyopewa kazi ya kuwahamisha watu. Majirani wote wametia sahihi, tumebaki sisi. Tangu marehemu baba afariki, hati ya nyumba ina jina langu, kwa hiyo wanachotaka ni sahihi yangu tu. Nimewaambia sitashika kalamu mpaka mama yangu aseme ndiyo. Mkubwa wangu, Bwana Rakan, amenivumilia, lakini uvumilivu wake unakwisha.

Njoo ukae nami. Nchi imebadilika, mama! Kuna sinema, kuna muziki hadharani, wanawake wanaendesha magari. Utapenda.

Mwanao akupendaye,
Mutlaq

Um Talha, 14 Rajabu

Kwa mwanangu Mutlaq,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, alhamdulillahi. Goti ni lilelile, kondoo wamezaa, na ami yako Dughaim anakusalimu kwa kikohozi chake. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Darasa la watu wazima halikuwa bure, kwa hiyo usicheke.

Eti wanawake wanaendesha magari! Mwanangu, nimeendesha pikapu ya baba yako kwenye mchanga huu wewe ukiwa tumboni, mapipa ya maji nyuma, na mbuzi mgonjwa pembeni yangu. Hakuna aliyeniruhusu na hakuna aliyenikataza. Baadaye wakaja watu wa mjini wakasema ni haramu. Sasa wamekuja watoto wao wanasema ni halali, na wanataka nipige vigelegele. Nimpigie nani? Yuleyule jana alinifungia mlango wangu mwenyewe, leo kaufungua, kesho anauvunja pamoja na nyumba. Kama hayo ndiyo mabadiliko, mkono unaoshika ufunguo ni uleule.

Baba yako kazikwa hapa, na baba yake, na dada yako aliyeishi siku saba. Hoteli itawaweka chumba gani?

Jibu langu ni hapana. Mkataa kwao mtumwa. Kula vizuri, Sabbar ananiambia umekonda.

Mama yako,
Turfah

Riyadh, 27 Rajabu

Kwa mama yangu,

Assalamu alaykum. Nakuombea afya. Naandika kwa haraka.

Alhamisi Bwana Rakan anakuja mwenyewe, pamoja na mjumbe wa gavana. Wanakuja kama wageni, si kama askari. Wape heshima yao, wasikilize, usinitie aibu. Nakuomba kama mwanao.

Mutlaq

Um Talha, 4 Shaabani

Kwa Mutlaq,

Wa alaykum salaam. Afya yangu njema. Yako sijui, na utaona kwa nini siiulizi leo.

Wageni wako walikuja. Kondoo akachinjwa, maana hatujafikia mahali pa kumnyima mgeni chakula. Watu wa bonde wote walikuwepo, hata waliotia sahihi, wamekaa ukutani wakiangalia vidole vyao vya miguu. Nami nikaketi kichwani mwa baraza, mahali pa baba yako. Mjumbe wa gavana alikohoa. Nikamwambia, "Kohoa tu baba, vumbi la huku ni la wenyewe."

Dughaim akamimina kahawa, kidogo chini ya finjani, kama anavyomiminiwa mtu wa heshima. Rakan akaipokea. Kisha akaiweka chini mbele yake, hakuinusa wala hakuionja.

Watu wote barazani wakaitazama ile finjani. Dughaim akamwambia kwa sauti ya kuomba, "Kunywa kahawa yako, mgeni."

"Sinywi," akasema, "mpaka mwenye nyumba anipe haja yangu."

Haya, niambie wewe. Mtu huyu anakunywa kahawa ya maziwa kwenye gilasi ya karatasi, nimeiona garini mwake. Nani alimfundisha kuweka finjani chini? Nani alimwambia kwamba mgeni akifanya hivyo kwetu, mwenye nyumba hana pa kukimbilia, na kwamba akimwacha aondoke bila kunywa wajukuu zake watachekwa? Babu yako aliwahi kusamehe damu ya ndugu yake kwa ajili ya finjani kama ile. Na mtu amekwenda kumuuzia siri hiyo Rakan! Niliumia, Mutlaq. Niliumia kuliko siku ya kumzika baba yako, kwa sababu yeye alichukuliwa na Mungu.

Dughaim alinitazama kama mtu aliyeshikwa shingoni. Nikainuka na goti langu, nikamnyang'anya dele la kahawa. Nikasema, "Mgeni hajanywa kwa sababu amemiminiwa kidogo." Nikainama nikaijaza ile finjani pomoni, ikafurika, kahawa ikatiririka mpaka kwenye zulia.

Unajua maana yake. Kwetu finjani iliyojaa humwambia mtu: kunywa, vaa viatu, usirudi. Shangazi zako nyuma ya pazia wakafinyana. Mjumbe wa gavana ni mtu wa makabila, anaijua mila, akawa mwekundu mpaka masikioni.

Na Rakan wako? Akatabasamu! Akaona mama mzee amelainika na anamzidishia ukarimu. Akasema, "Mungu akuzidishie, mama," akaiinua kwa mikono miwili, akainywa yote, akajiunguza ulimi.

Alikunywa bila kupewa haja yake, na mgeni akishakunywa hana tena la kudai. Haja ikafa palepale mbele ya mashahidi wa bonde zima. Aliyeanza kucheka ni Dughaim, yule mwoga, kisha ukuta mzima, hata waliotia sahihi. Mjumbe akamshika Rakan mkono akamtoa nje kama mtoto.

Ulimfundisha nusu, mwanangu. Nusu nyingine uliiacha kwa sababu hukudhani mama yako anaiweza. Sasa chagua wewe ni mwana wa nani.

Turfah
(Sitii neno mama leo.)

Riyadh, 19 Shaabani

Kwa mama yangu, ukinikubali,

Assalamu alaykum. Nabusu miguu yako. Ni kweli, ni mimi niliyemfundisha. Nilidhani nakupa njia ya kukubali bila kuinamisha kichwa. Huo ndio uongo niliojipa, na sina mwingine.

Bwana Rakan alirudi, akaniita mbele ya wenzangu, akanisukumia karatasi ya nyumba na kalamu. "Mama yako mjinga wa jangwani amenifanya kichekesho. Tia sahihi."

Nikamjibu, "Haja yako ilikufa Alhamisi. Uliinywa mwenyewe." Kisha nikasema kwa sauti ya kusikika ofisi nzima: nyumba ya Turfah haiuzwi, leo wala kesho.

Wamenifukuza. Pasi yangu ya kusafiria imezuiwa. Kuna gari jeupe chini ya jengo letu tangu jana, na waliomo hawashuki. Kabla ya mwandamo wa Ramadhani nitapanda lori la Sabbar nije nyumbani. Nitunzie tende.

Mwanao, mwana wa Turfah,
Mutlaq

Um Talha, 9 Mfunguo Mosi

Kwa mwanangu, kipenzi changu, Mutlaq,

Wa alaykum salaam warahmatullahi. Mimi mzima. Wewe je? Je, wanakupa maji baridi? Unalala?

Sabbar alikungoja kwenye kituo cha mafuta mpaka adhana ya alfajiri. Hukutokea. Ramadhani nzima nilitenga sahani mbili. Mlinzi wa jengo lenu ndiye aliyetuambia waliokuja kukukamata walikuwa wangapi, na wamekupeleka gereza lipi, kwa hiyo naandikia huko.

Nyumba imesimama. Walikuja kuichora alama nyekundu ya kubomolewa, nikaipaka chokaa. Wakarudi wakachora, nikapaka. Sasa wanawake wa bonde wote wana ndoo za chokaa, na waliotia sahihi wameanza kurudi kulala kwao. Jumatatu gavana anafungua baraza lake kwa kila mwenye malalamiko, kama desturi. Nitaendesha pikapu mwenyewe mpaka mlangoni pake, na nitasema jina lako kamili, mbele ya watu, kwa sauti ile waliyoisikia ofisini kwako. Mwoga Dughaim anakuja nami. Amenyoa ndevu vizuri.

Nakusamehe. Nilikusamehe tangu neno la kwanza la barua yako, nikachelewa kuandika kwa kiburi. Mimi ni mama yako, na neno hilo nalirudisha mahali pake.

Na wewe unayeifungua barua hii kabla yake, nakusalimu pia. Mimi ni Turfah binti Sa'ad wa Um Talha, huna haja ya kunitafuta. Sijui mama yako anadhani unafanya kazi gani. Ukishamaliza kusoma, ikunje vizuri, umpelekee mwanangu.

Mama yake