Rubani Aliyekosekana

Sib, Maskati

Baba yangu Mwalimu,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama hapo alipo. Tangu maji yapungue nimekuwa nikiuliza habari zenu kwa Mkawasi, lakini huyo binti yako unamjua, ukimuuliza homa anakujibu kuku. Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe. Kifua cha Mama kimetulia? Mmesharudi kulala nyumbani au bado mko kanisani? Mpunga wa kule chini, kuna hata kidogo kilichobaki? Mimi ni mzima wa mwili, nakula na nafanya kazi. Ni hayo mengine yaliyonikalisha na kalamu leo.

Utashangaa kuletewa karatasi zama hizi. Nimempa mwenzetu mmoja wa Malindi, muuguzi hapa Qurum, anayekuja likizo. Simu nimejaribu mara nne, Baba. Kila nikisikia "Haloo, Kapteni wangu!" ulimi unanigeuka, najikuta nauliza habari za mbuzi. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza kwa furaha. Shika kalamu yako nyekundu ukipenda, usahihishe nilipokosea kuandika, ila nakuomba usome mpaka mwisho.

Unakumbuka nilipokuja kuaga, miaka mitatu iliyopita. Nilikuja na gwanda. Wewe ukaandaa ibada, katekista akaniwekea mikono kichwani, kina mama wakaimba, nawe ukasimama ukasema, "Serikali imemtuma mwanangu Uarabuni kwa kazi ya jeshi." Nikainamisha kichwa, ukadhani ni unyenyekevu. Hakuna aliyenituma, Baba. Majuma mawili kabla ya ibada ile mkataba wangu wa jeshi ulikuwa umeisha, nikaitwa ofisini nikawekewa fomu mbili mezani. Moja ilikuwa ya kuendelea na jeshi la kudumu, yaani kambini, zamu, na kuruka unapoambiwa. Ya pili ilikuwa ya jeshi la akiba. Hapo unaondoka, unafanya kazi yako popote upendapo, kila mwaka unarudi mwezi mmoja wa mazoezi, na siku yoyote nchi ikikuhitaji unaitwa na unakuja. Hilo la kuitwa liliandikwa kwa herufi nene. Nikatia sahihi ya pili hata chai sijamaliza.

Wenzangu waliochagua akiba walikuwa na sababu za watu wazima. Mmoja alikuwa anauguza mke, mwingine ameachiwa wadogo zake awalee. Mimi nilikuwa nimechoka kuamrishwa, basi. Na bado nilitaka picha yangu ya gwanda ibaki ukutani kwako. Nilitaka niitwe mwanajeshi na nisiwe mwanajeshi. Ningekuambia kweli siku ile, ungeninunia wiki moja yakaisha. Lakini ulikuwa umeshaalika watu, nikaona haya, nikanyamaza.

Huku naendesha helikopta ya kampuni ndogo, tunapeleka mafundi jangwani kwenye visima vya mafuta na kuwarudisha. Mwenye kampuni, Bwana Nassor, ni Mwomani lakini nyumba yao nzima wanazungumza Kiswahili, maana mama yake, Bi Zuwena, alizaliwa Unguja. Kila Ijumaa wananiita kwao hapa Sib tule pamoja. Bi Zuwena amenifanya mtoto wa nyumba. Ananigombeza mbele ya wageni, na nikitoka ananifungia chakula cha kesho. Nimepata raha, Baba, siwezi kukataa. Mara mbili nimekuja huko kwa ule mwezi wa mazoezi, na mara zote mbili nikarudi Maskati bila kufika nyumbani, kwa kuogopa maswali yako.

Sasa nifike kwenye mafuriko.

Siku ile simu iliita nikiwa dukani, mtaa wa Hamriya hapa Maskati, najaribu viatu. Nilipoona ni namba ya kikosi nikaiacha iite mpaka ikanyamaza. Ikaita tena, nikapokea. Ofisa wa zamu akaniambia mto umevunja kingo, vijiji vimezingirwa, wana helikopta mbili na rubani mmoja tu, Kapteni Mutua, yule niliyejifunza naye kuruka. "Panda ndege ya leo, kesho asubuhi uko kazini. Tunakuita, Kapteni." Sikuuliza ni vijiji gani. Mimi niliyezaliwa kwenye ukingo wa mto ule, Baba, sikuuliza! Nilisema, "Afande, mwajiri wangu hawezi kuniachia wiki hii." Akasema, "Sawa, nimeandika." Nikalipia viatu nikatoka.

Bwana Nassor sikuwa nimemuuliza lolote. Wiki ile alikuwa anachagua rubani mkuu wa kampuni, nami niliogopa aje kuniona mtu wa kuitwaitwa kwao. Hiyo tu ndiyo sababu. Nimeitafuta nyingine iliyo bora nikakosa.

Ijumaa nikaenda kula kama kawaida. Bi Zuwena alikuwa anatazama habari kwenye simu, akaniita.

"Jillo, hebu njoo utazame. Huku si kwenu huku?"

Nikatazama. Niliona paa jekundu la shule yetu ya chekechea, maji pande zote, na watu juu yake.

"Ndiyo, Bi mkubwa."

"Na babaako yuko wapi?"

"Sijui."

"Ebo! Hujui, na umekaa hapa unakula halua? Nnakuuliza wewe! Si rubani wewe? Si ulitwambia una jeshi kwenu?"

Bwana Nassor akaweka kikombe chini. "Hawajakuita?"

Nikasema wameniita. Akataka kujua nimewajibu nini, nikamwambia. Hakupaza sauti. Alisema, "Umenisingizia, Jillo. Ungeniambia tu, tiketi ningekukatia mwenyewe siku ile ile." Bi Zuwena aliinuka, akachukua sahani yangu nikiwa bado nala, akaenda nayo jikoni, na hakurudi tena. Nilitoka nikapigia kikosi simu nikiwa nje kwenye gari. Wakaniambia maji yameanza kushuka, Mutua anamalizia, nisijisumbue. Nilidhani aibu imeishia hapo.

Kisha ikaja barua yako, kurasa tatu, Mkawasi alizipiga picha akanitumia. Ukasimulia mlivyokaa juu ya paa siku mbili, nawe ukiwaambia watu, "Tulieni, mwanangu ni rubani, atakuja." Ukasimulia helikopta ilivyofika, nawe ukakataa kupanda mpaka kina mama na watoto waishe, kisha ukamuuliza Mutua, "Jillo yuko wapi?" Akakujibu, "Yuko upande wa chini, Mwalimu, anaokoa wengine." Na kwamba ulilitangaza hilo kanisani watu wakapiga makofi.

Halafu ukurasa wa tatu. Kwamba Mama Habona, mke wa jirani yetu Mzee Buya, alibanwa na pumu pale pale juu ya paa, na siku ya pili akafia mikononi mwa mumewe, helikopta ikafika yeye ameshakwenda. Kwamba baadaye mlisikia kulikuwa na helikopta nyingine, imeegeshwa tu kwa kukosa wa kuiendesha. Ukaandika: "Huyo rubani aliyekosekana, Mungu amsamehe. Mimi bado sijaweza."

Ni mimi, Baba.

Nimeandika maneno hayo nikainuka, nikaenda kunawa uso, nimerudi. Ni mimi. Mama Habona, aliyekuwa akinificha nyuma ya kanga yake ukinitafuta na fimbo, alikuwa anavuta pumzi kwa shida siku ambazo mimi nilikuwa na viatu vipya. Nimepiga hesabu ya saa mara nyingi mno. Ningeondoka siku niliyoitwa ningemkuta hai. Huenda asingepona, lakini ningemkuta.

Nilimpigia Mutua kumshukuru kwa kunisitiri. "Usinishukuru," akaniambia. "Wewe sikukusitiri. Nilimwonea huruma mzee amelowa, anatetemeka, anamuulizia mwanawe. Hilo lako utalibeba mwenyewe, ndugu yangu." Akakata simu. Tangu hapo hajapokea tena, na simlaumu.

Sasa fomu zimenirudia. Jeshi limeniandikia kwamba kwa kuwa sikuitikia mwito, nieleze sababu, kisha nichague ama nirudi jeshi la kudumu, ama nitolewe kabisa hata kwenye akiba. Nikuungamie na hili, maana nimeshaanza. Kwanza nilifurahi. Nilijiambia, rudi kazini kimya kimya, vaa gwanda, uje kijijini Krismasi, na yale Baba aliyoyatangaza yawe kweli, nani atajua? Nilikaa na wazo hilo siku nzima, tena likanistarehesha. Kisha nikasoma tena ukurasa wako wa tatu, na nikajichukia.

Kwenye nafasi ya sababu nikaandika: "Mwajiri wangu hakuulizwa. Nilisema uongo." Kamanda mwenyewe akanipigia. "Unajua ungeweza kuandika ulikuwa mgonjwa?" Nikasema najua. Akasema nikirudi sitaruka, si chini ya mwaka mmoja. Nitakaa ofisini nipokee simu za watu waliokwama na kupangia wenzangu safari. Na cheo kitashuka. Nikasema sawa. Nimetia sahihi ya jeshi la kudumu, Baba, ile niliyoikimbia. Ukiniuliza ni toba au ni kukuogopa wewe, sijui. Nakuapia sijui. Najua tu kwamba simu ikiita nitapokea.

Kampuni nimeaga. Bwana Nassor alinipa mkono, akasema, "Khalas, yamekwisha, nenda kwa wazee wako." Bi Zuwena hakutoka kuniaga.

Nina ombi, na najua ni zito. Ulisimama mbele ya kanisa ukanisifu, na uongo ule ulikuwa wangu, wewe ulikuwa humo kwa upendo tu. Siwezi kukuacha na makofi yale. Ukitaka kuwaambia watu wewe, waambie. Ukitaka nije nisimame mwenyewe, nitasimama. Na kama hutaki nikanyage nyumbani kwako kwa sasa, mwambie Mkawasi aniandikie neno moja tu, nami nitaelewa.

Nitafika mwisho wa mwezi ujao kwa basi, bila gwanda. Nisalimie Mama, umwambie kwa upole, na umshike mkono unapomwambia. Msalimie Mkawasi, asinichinjie kuku. Mpe katekista heshima zangu, umwambie ile baraka yake niliichukua kwa hila.

Mzee Buya usimpe salamu zangu. Hizo nitampelekea mwenyewe, kabla sijaingia kwako. Ukisikia basi limefika na mimi hunioni, niko uani kwake, nimekaa chini, namngoja atoke. Usije kunichukua, Baba. Hata giza likiingia, niache pale.

Mwanao,
Jillo