Andika Sifuri

Karakana ya Madirisha,
Nyuma ya soko la mitumba.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko na baridi yake? Kifua kimepona? Mke wako na mapacha hawajambo? Sisi tunapumua. Kazi ya kuchomelea ipo, ila macho yameanza kunidai.

Niende moja kwa moja. Tangu tumzike mama yangu, mama mkubwa wako, chumba chake nimeshindwa kukipangisha. Mara mbili nimepata mpangaji, mara mbili nimemrudishia kodi yake. Nikipita mlangoni mchana kweupe namsikia akikohoa, kile kikohozi chake cha kuomba radhi.

Humo ndani nilikuta vitu viwili. Cha kwanza, dawa za presha za siku thelathini, zilizonunuliwa siku ishirini kabla hajafa. Vilitakiwa vibaki vidonge kumi. Nilihesabu ishirini. Alikuwa anameza leo, kesho anaruka.

Cha pili, fomu ya posho ya wazee: elfu thelathini kwa mwezi, kwa yeyote aliyetimiza miaka sabini na asiyepata zaidi ya elfu ishirini kutoka kwa watoto. Aliijaza yote. Kwenye msaada wa watoto aliandika 15,000, ndicho nilichokuwa nampa. Akakifuta, akaandika 50,000. Kisha hakuipeleka popote. Tangu tarehe ya fomu hiyo hadi anakufa ni miezi sabini na nne, mdogo wangu. Milioni mbili, laki mbili na elfu ishirini, zimeachwa ofisini ili mimi nionekane mwana. Mimi niliyeanza na mashine ya kuazima na kujisifu kwamba sidaiwi na mtu!

Sasa mama yako. Jumanne nilimpeleka mwenyewe kwenye dirisha la ofisi ya posho. Karani akamuuliza kwa upole, "Bibi, mtoto anakutumia kiasi gani?"

Akajinyoosha. "Wangu? Laki! Tena namwambia apunguze, nitazipeleka wapi?"

"Basi bibi umetuzidi hata sisi. Nikopeshe!"

Foleni nzima ikacheka. Nilimkanyaga mguu, naye akanikanyaga. Karani akaiweka fomu pembeni.

Wewe na mimi tunajua. Miezi kumi na minne hujatuma kitu. Kazi ilikuishia, najua. Mengine pia nayajua, hayo tutagombana tukionana.

Nilirudi kwa karani peke yangu. Anasema barua yako yenye sahihi inatosha, mradi ifike kabla ya tarehe 28. Baada ya hapo orodha inafungwa mpaka mwakani. Mama yako ana miaka sabini na tatu. Dawa zake nimeziona juu ya kabati, na sijathubutu kuzihesabu.

Andika jina lake, jina lako, na unachomtumia kwa mwezi: sifuri. Usiweke maelezo, usiweke samahani. Pesa yako siitaki, nataka sahihi. Mimi nafasi hiyo sikuipata.

Msalimie shemeji, wabusu mapacha. Shangazi wa dukani anakuulizia kila siku. Mungu akupe kazi, akulinde na hiyo baridi.

Mama yako anajua nakuandikia, hajui kuhusu nini. Kaniagiza nikwambie amenenepa, na nimemwahidi nitakwambia.

Hajanenepa.

Kaka yako, anayekupenda hata akikasirika,
Fundi