Kanzu ya Ubatizo ya Omwenga

Jumapili, 2 Agosti 1964

Sindano imenichoma mara tatu leo. Hasira. Ningefunga cherehani nikalale, lakini kanzu sita za ubatizo hazitajishona zenyewe.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mume wangu Omwenga hakisomi. Ekegusii, lugha yetu, anasoma, polepole, kidole kikitangulia. Kiswahili chake ni cha kuuzia maharagwe sokoni Migori, basi. Daftari ameniachia Truphena, binti yetu, alipoenda chuo cha ualimu.

Asubuhi Omwenga alikuja mlangoni kofia mkononi. Akasema amemwona Bwana. Alikuwa shambani peke yake anapalilia mahindi, moyo ukamvunjika, akapiga magoti pale pale. Suruali ilikuwa bado na udongo magotini. Nilimwamini. Hata sasa namwamini. Miaka kumi na miwili nimemwombea huyu mtu, kila alfajiri!

Nililia kwa furaha kama robo saa. Halafu akamaliza habari yake. Ameshaongea na Mzee Mochama, mzee wa kanisa letu. Ubatizo ni Sabato, Jumamosi ya tarehe 15, mtoni. Mchungaji anakuja kutoka upande wa Homa Bay. Na kanuni ni ile ile: mwenye wake wawili habatizwi. Abaki na wa kwanza, wa pili aende kwao.

Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni Nyanchama, ambaye jikoni kwake kulikuwa kunafuka moshi wakati tunazungumza, anapika uji wa watu wote.

Jumatatu, 3 Agosti

Nyanchama ameambiwa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kuhusu watoto. Ng'ombe wa mahari walilipwa, kwa hiyo wakubwa wawili wanabaki hapa Suna na baba yao. Atakwenda na anayenyonya. Ataenda wapi? Wazazi wake walishakufa. Ana kaka mmoja mwenye kiduka kule Magunga. Magunga! Kwenye mbung'o! Watu wanalala usingizi wa malale hawaamki, na sisi tunampeleka mtoto wa miezi saba huko kwa jina la Bwana.

Nilimwambia Omwenga hivyo. Akasema Bwana atamlinda.

Basi Bwana ampeleke huko yeye mwenyewe, nikasema. Halafu nikatubu. Halafu nikakasirika tena.

Jumanne, 4 Agosti

Niandike ukweli wote, maana hapa hakuna wa kumficha.

Nilipoolewa nilivishwa ebitinge, pete za chuma za miguuni, kama kila mke wa Kikisii. Ukishavishwa hazivuliwi mpaka mume afe. Ukizivua naye yu hai, umemwacha. Kila mtu kwetu anajua.

Mwaka wa hamsini na mbili nikabatizwa. Kanisa likasema mapambo hayaingii majini. Nikavua. Nilisikia miguu myepesi, nikacheka njia nzima kurudi nyumbani. Nilimpenda Kristo hivyo. Wala sikufikiri kumwuliza Omwenga. Mama mkwe wangu Nyarangi aliitazama miguu yangu, akafunika uso kwa kanga. Akamwambia mwanawe kuwa mke wake ameshamzika akiwa hai.

Mwaka haukuisha Omwenga akamwoa Nyanchama. Akamvisha ebitinge vinane, vinne kila mguu. Nikiwa cherehanini nasikia anavyopita uani, kling, kling, anachota maji, anakwenda kuni. Miaka kumi na moja nimesikiliza chuma hicho na kuomba Mungu akinyamazishe.

Haya, amejibu. Nifurahi basi! Mbona sifurahi?

Jumatano, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Mochama. Nilimkuta anafunga mbuzi. Nikamwuliza kama kuna njia nyingine — Nyanchama akae nyumba yake, alime shamba lake, Omwenga asimguse tena. Hata mimi ningelala naye kama dada. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. Kwamba ufalme wa Mungu una mlango mwembamba. Kwamba nyumba ikibaki mguu utarudi. Kwamba ebitinge pia lazima vikatwe, la sivyo kwa mila bado ni mke, na watu watasema Omwenga amelidanganya kanisa.

Yaani mila tuliyoambiwa ni giza, leo ndiyo inatumika kumfukuza!

Naye Mochama alimwacha mke wake wa pili zamani, kabla ya vita. Mwanamke huyo alikufa kwao mwaka huo huo. Jina lake halitajwi. Nilitaka kulitaja. Silijui.

Kabla sijaondoka akanikumbusha kanzu ziwe tayari Ijumaa kabla ya jua kutua. Jua likitua Sabato imeingia, hakuna kushika sindano, mkasi, wala kalamu. Kana kwamba mimi sijui! Mimi ndiye niliyewafundisha wanawe.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimepekua Injili zote nne. Nilitafuta mahali Yesu alipomfukuza mwanamke ili mwanamume aingie. Nilianza baada ya uji mpaka jua likawa la utosi. Sijaona. Nimeona amewakuta wengi ambao wengine walitaka kuwafukuza.

Namtaka yeye. Yeye mwenyewe, si daftari la kanuni la Mochama. Nataka atawale nyumba hii, aketi kwenye kile kigoda cha Omwenga aseme neno moja tu, nami nitatii hata likinikata. Lakini ananyamaza, na Mochama anaongea.

Sabato, 8 Agosti, jua limeshatua

Majina yalipitishwa leo kanisani. Mochama alisimama na karatasi. Alipofika kwa Omwenga akasema ndugu huyu ameyaweka sawa mambo ya nyumba yake. Wanaounga mkono wanyooshe mikono.

Mikono ikapanda kama mahindi. Omwenga alikuwa mbele, shingo imeinama. Akageuka kidogo kunitafuta.

Nikanyoosha.

Nyanchama alikuwa nje kwenye nyasi na wale ambao hawajabatizwa, ananyonyesha. Dirisha lilikuwa wazi. Aliuona mkono wangu. Mjinga mimi! Mwoga! Hasira yote ya wiki nzima, na mkono ukapanda kama wa mtoto wa shule. Na niandike yote: sehemu moja ndani yangu ilifurahi. Ndogo. Lakini ilifurahi.

Jumanne, 11 Agosti

Fundi amekuja kutoka Masara, Mjaluo anayetengeneza vyuma vya wachimba dhahabu. Alileta msumeno wa chuma na tambara. Alidhani ameitwa kukata chuma cha mlango. Alipoona ni miguu ya mwanamke akaweka msumeno chini, akamtazama Omwenga, akanitazama mimi. Huku wengi hawajui mila yetu, lakini alielewa kuna jambo.

"Mama," akaniambia, "hii kazi nitafanya sababu nimeshatoka mbali. Lakini kwetu mtu anakata chuma ya mwenye amekufa. Huyu anapumua."

Alichukua asubuhi nzima. Alitia tambara kati ya chuma na ngozi, akamwagia maji kila mara, chuma kisipate moto. Omwenga alishindwa kutazama, akaenda nyuma ya ghala. Nilimsikia anaomba kwa sauti. Mimi nilimshika Nyanchama mguu. Ndiyo, mimi. Alikuwa anatetemeka, nikamshika kwa nguvu asikatwe.

Chini ya vyuma ngozi ilikuwa nyeupe, laini, kama ya mtoto. Hakulia mpaka alipoiona.

Jumatano, 12 Agosti

Ameondoka saa mbili asubuhi. Kikapu, mkeka, mtoto mgongoni. Wale wawili walimfuata mpaka barabarani, mdogo akamshika gauni, ikabidi nimbandue vidole kimoja kimoja.

Kabla ya kutoka aliingia kwangu akaweka ebitinge vyote vinane mezani, pembeni mwa cherehani.

"Nitunzie, Mama Truphena. Kaka yangu akiviona kikapuni atasema nimemzika mume akiwa hai. Wewe ulitupa vyako wapi?"

Nikamwambia mtoni. Akatikisa kichwa kana kwamba nimemjibu swali jingine. Akaenda. Nilisikiliza anavyopita uani. Hakuna sauti. Hakuna kabisa!

Alhamisi, 13 Agosti

Mvua. Watoto hawajala. Nimepika uji, umeungua. Omwenga anafunga na kuomba. Nimemwambia afunge, lakini kwanza achote maji, maana aliyekuwa anachota tumemfukuza. Amekwenda na ndoo kimya kimya. Hilo nalo limeniudhi. Angenijibu japo neno.

Kanzu tano zimekwisha. Imebaki yake.

Ijumaa, 14 Agosti

Niandike haraka, jua linashuka.

Kanzu ya ubatizo, yule asiyeishona hajui, ina siri kwenye pindo. Ukishona kitambaa cha amerikani kitupu, mtu akiingia majini kanzu inaelea, inapanda mpaka kiunoni, ni aibu mbele ya kusanyiko. Kwa hiyo pindo unalifanya mara mbili, na ndani unashonea changarawe. Mimi huokota mwenyewe pale kivukoni, laini, sawa sawa. Kanzu tano zina changarawe.

Ya Omwenga nilianza baada ya chakula. Nikaingiza mkono kwenye kopo la changarawe. Nikautoa mtupu.

Nimekata vipande vya khaki, nikaviringisha kila pete ili ncha zilizokatwa zisipasue nguo. Nane. Nne mbele, nne nyuma. Nimeshona mshono wa mkono, mdogo, ule wa kudumu. Hasira yangu yote imeingia pale, na jambo la ajabu, sindano haikunichoma. Niliomba nikishona. Sikuomba vizuri. Nilisema: Bwana, kama ni wewe uliyemtaka Nyanchama aende, hizi zitakuwa mawe tu. Kama si wewe, mwambie mumewe, maana mimi amezoea kutonisikia.

Omwenga akaingia kuijaribu. Akaivaa juu ya shati. Akapiga hatua mbili.

Kling.

Ile khaki haikuziba sauti yote. Alisimama. Akapiga hatua ya tatu, polepole, kama mtu anayekanyaga gizani. Akainama akashika pindo, akahesabu kwa vidole. Midomo yake ilihesabu mpaka nane.

Sikungoja aniulize. Nilimwambia: "Ni vya Nyanchama. Wewe ndiye uliyemvisha. Shuka navyo, umwonyeshe Bwana."

Nilidhani atanipiga. Hajawahi, lakini leo nilidhani. Aliketi kwenye kigoda na kanzu mwilini.

Ndipo Mochama akafika na baiskeli kuchukua mzigo wa kanzu. Akamwona Omwenga ameketi namna ile, akauliza kuna nini. Omwenga akasimama akatembea mbele yake mara moja, basi. Kwenda na kurudi. Mochama ni Mkisii. Hakuhitaji maelezo.

Akaniambia: "Dada Milka, fumua."

Nikamsogezea mkasi. Nikamwambia kazi yangu nimeshaifunga, Sabato yangu huanza mapema, lakini yeye ana mikono. Mshono ni mdogo na mrefu, unahitaji saa nzima. Akatazama dirishani. Jua lilikuwa limebakiza upana wa viganja viwili. Asubuhi saa tatu mchungaji atakuwa mtoni, na kufumua asubuhi ni kazi vilevile. Niliona anapiga hesabu hiyo usoni. Amri aliyotufundisha yeye mwenyewe.

Alichukua mkasi. Akapiga goti, akashika pindo miguuni pa Omwenga. Akatafuta mshono kwa kidole gumba, akapata pete ya kwanza. Hakukata. Alikaa ameishika kupitia kitambaa, muda mrefu, anaizungusha. Halafu akatamka jina la mwanamke, chini chini. Nyasuguta. Hatuna Nyasuguta hapa.

Hasira ilinishuka ghafla, kama maziwa ukiondoa sufuria motoni. Imerudi sasa, lakini si ile ile.

Mimi nimekuja huku chumbani kuandika kabla kalamu haijawa haramu. Mlango uko wazi. Wako pale pale. Mochama ameketi chini sakafuni, mkasi pajani. Omwenga amesimama na kanzu, hajavua. Watoto wawili wa Nyanchama wamesikia ile sauti, wamekuja mbio kutoka uani, wanachungulia nyuma ya mlango wakimtafuta mama yao.

Kiganja kimoja cha jua.

Omwenga anauliza jambo. Kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza bei. Anamwuliza Mochama kama ile baiskeli inaweza kubeba watu wawili na mtoto kutoka Magunga.

Mochama anatazama jua, limebaki ukingo tu. Anafungua mdomo